Siku Bibi Alipotupigia Mwano

Baba yangu alikuwa mtu asiye na kwao. Ukimuuliza katokea wapi, angekujibu kwamba aliota kando ya shimo la dhahabu kama uyoga, mvua ilipokatika. Huku Geita jibu la namna hiyo halimshtui mtu. Machimboni watu wanaingia na godoro mgongoni, jua likizama wameshasimamisha kibanda cha turubai, na kesho yake asubuhi ni wenyeji wanaolalamikia wageni. Hakuna anayekuuliza ukoo. Utaulizwa kama unaweza kushuka shimoni, na kama unakoroma.

Basi nilikua na ndugu wa upande mmoja tu. Upande wa mama, Wasumbwa wa Bukombe, ni wengi hivi kwamba wakikutana msibani kisima kinakauka. Upande wa baba palikuwa kimya. Wazazi wake walikufa, alisema, na alilisema kwa namna ambayo hukuthubutu kuuliza walikufa kwa nini. Hata alipokuwa anaondoka yeye mwenyewe, kifua kimejaa vumbi la mawe, hakutaja mtu wala kijiji. Tulimzika kwenye makaburi ya mji, na ndugu wa damu aliyesimama pale kwa upande wake nilikuwa mimi peke yangu.

Alichoniachia ni kicheko. Cha baba kilikuwa kinafukuza kuku, na changu ni hichohicho.

Siku moja nilikuwa kijiweni nyuma ya bucha, nawasimulia wenzangu nilivyomaliza kidato cha nne katika masomo ya jioni, mchana nikiwa kwenye karasha tunasaga mawe, jioni nikiwa darasani na vumbi bado liko kwenye kope. Nilikuwa nimefika pale msimamizi wa mtihani anapolia kwa furaha baada ya kusoma majibu yangu ya historia. Hakulia. Lakini hadithi ilikuwa inamhitaji alie. Tukacheka wote, mimi zaidi. Mzee mmoja aliyeleta ng'ombe wa kuchinja akageuka kama aliyeitwa na mtu aliye kaburini.

"Wewe," akasema, "cheka tena."

"Nicheke bure, mzee? Kicheko si bomba, kwamba unafungua tu."

"Ng'wana wa nani wewe?"

Nikamtajia jina la baba. Akakaa chini kwenye kreti ya soda bila kuombwa.

"Nimechunga naye," akasema. "Ndani huko, ukishapita Samuye. Na mama yake anajua kwamba wewe upo?"

"Bibi alikufa zamani."

"Nani kasema?"

"Baba mwenyewe."

"Basi alikufa vibaya. Wiki iliyopita nimemwacha anafukuza mbuzi kwenye mtama."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana mzee yule naye hakucheka. Akanivuta pembeni, karibu na ndoano za nyama, akashusha sauti. Akaniambia bibi anaishi peke yake. Akaniambia macho yake ni mekundu. Halafu akanitazama kuona kama nimeelewa.

Nilielewa. Nani wa kanda hii asiyeelewa? Kikongwe wa kwetu anapika maisha yake yote kwa mavi ya ng'ombe, kwa sababu miti imekwisha, na moshi unamla macho mpaka yanageuka kama nyanya. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, mtu anatafuta wa kumlaumu, na macho yale yanamwonyesha njia. Wako vikongwe waliokatwa mapanga wakiwa jikoni mwao. Nimeyasikia haya tangu nikiwa mdogo, kama mtu anavyosikia habari za radi: inapiga, lakini inapiga nyumba za wengine.

"Msiende kienyeji," mzee akasema. "Mgeni wa kule hutangulizwa. Nimalize minada yangu, nitakwenda kumwambia, ndipo mje."

Tukangoja. Lakini minada ya ng'ombe haiishi. Ikifungwa huku inafunguliwa kule, na simu ya mzee ikawa kila nikipiga haipatikani. Mama, ambaye anauza ugali kwa wachimbaji na amezoea kuona watu wakifa kabla sufuria haijachemka, akavua aproni yake.

"Bibi wa umri huo hangoji mnada," akasema. "Kesho tunaondoka."

Mke wangu ni mtu wa Kasulu, haogopi kitu kinachotembea. Lakini siku ile alikuwa anakunja nguo za mtoto wetu huku anazikunjua tena.

"Mimi nakwenda," akaniambia. "Yeye ni bibi yako, nitampigia magoti. Ila mtoto nitamshika mwenyewe."

"Na akimwomba?"

"Nitasema anaharisha."

Ndipo nikafungasha. Kanga doti mbili, sukari, sabuni ya mche, na jembe jipya lisilo na mpini, maana mzee wa ng'ombe alisema jembe ni heshima. Na chini kabisa ya begi nikaweka nyundo yangu na moko, ile patasi ndefu ya chuma tunayochomea mwamba. Mchimbaji haachi nyundo na moko kambini. Ukiviacha, ukirudi vimeshapata mume mwingine. Mama akanitazama nikivisukumiza chini ya kanga, akasema, "Huko tunakwenda kusalimia au kuchimba?" Nikamwambia Jumatatu napitiliza shimoni moja kwa moja. Akaacha.

Gari lilitupeleka Kahama, tukabadili, tukapita Tinde, tukashuka Samuye vumbi likiwa limesimama hewani kama limesahau kuanguka. Tukakodi pikipiki mbili. Kwa lile vumbi tukajifunga nyuso, mama kwa mtandio, mimi kwa fulana, yamebaki macho tu. Nchi ile ni tambarare. Unaweza kumwona mbuzi wa kesho kutwa akija. Hakuna mlima wala bonde la kujificha, na bado moyo wangu ulikuwa unapanda na kushuka kama uko Usambara.

Tukasimama kwenye mashine ya kusaga kuuliza njia. Walikuwepo wanawake watano sita wenye ndoo za mahindi.

"Tunamtafuta bibi mmoja," nikasema kupitia ile fulana. "Anaishi peke yake, ana mbuzi."

Mashine iliendelea kunguruma. Wanawake wakaacha kuongea.

"Ni nani kwenu?" mmoja akauliza.

Na mimi, mtoto wa mama yangu, furaha imenipanda kichwani, nikamjibu, "Mwacheni tu asijue! Tunataka tumshtukize!"

Nikacheka kile kicheko. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaonyesha njia kwa kidevu, mwingine akajitwika ndoo yake ambayo haijasagwa, akaondoka karibu anakimbia. Nilidhani ana haraka ya kupika.

Madereva wetu walitushusha mbele ya boma lenye ua wa minyaa. Yule aliyenibeba mimi alipokea pesa bila kunitazama, akasema, "Kaka, sisi hatujawaleta hapa," wakageuza. Ndipo nilipoanza kuogopa hasa. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo, kuku wanapekua, moshi unatoka kwenye paa la jiko, harufu ya mavi ya ng'ombe yanayoungua. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Ndani kunapikwa, mchana, na mlango umefungwa.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa! Shikamoo, bibi!"

Kitu kizito kikaburuzwa ndani, kikagota kwenye mlango. Halafu sauti nyembamba: "Nani?"

"Wageni! Tumetoka Geita!"

"Geita kuna nani?"

"Tuko wengi, bibi! Fungua utuone!"

Mama akanishika mkono. "Wengi?" akaninong'oneza. "Unamwambia tuko wengi?"

Alikuwa amechelewa. Ndani ya ile nyumba bibi yangu, mama wa baba yangu, mtu niliyesafiri kutwa nzima kuja kumwona, alipiga mwano. Sijui nikuelezeje mwano. Si kilio na si kigelegele. Ni yowe linaloanzia chini, likipanda linakatika, linaanza tena, na kila Msukuma anayelisikia, awe anakula au anaoga, anashika kilicho karibu na kukimbilia linakotoka. Lilikuwa la wezi wa ng'ombe zamani. Siku ile lilikuwa letu. Boma la pili likaitikia, la tatu likapokea, likaenda likizunguka mbali huko mpaka nikahisi Shinyanga nzima, mpaka Songwa kwenye almasi, inatukimbilia sisi wanne.

"Kaeni chini," mama akasema. "Chini kabisa. Mikono juu ya magoti waione. Fungueni nyuso."

Tukakaa vumbini. Mke wangu alimfunika mtoto kwa mwili wake wote, kama mvua ya mawe inakuja. Filimbi ikalia. Wakatokea kwenye minyaa pande zote, wanaume kwa fimbo na mapanga, wanawake na michi, na wale wa mashine ya kusaga wakiwa mbele wananionyesha kidole.

"Ndiye huyo! Kasema wasimwambie, wanataka kumshtukiza!"

Kamanda wa sungusungu alikuwa mtu mfupi, fulana ya mpira, filimbi shingoni. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga.

"Nyinyi akina nani?"

"Mimi ni mjukuu wake," nikasema. "Huyu ni mama yangu, huyu mke wangu, na huyo mdogo ni—"

"Siku hizi wanatanguliza wanawake," mtu akasema nyuma yangu.

"Na kitoto cha kuazima," akaongeza mwingine.

"Mjukuu wa nani?" kamanda akauliza.

"Wa bibi huyu."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu ndani. Baba hakumtaja kamwe, na mzee wa ng'ombe, kwa heshima, alimwita "mama yake baba yako" mwanzo hadi mwisho, nami sikuuliza. Nimesoma historia ya dunia nzima kwa taa ya chemli, najua majina ya wafalme wa nchi ambazo sitazifikia, na bibi yangu simjui jina.

"Kwetu mtu mzima hatajwi jina," nikasema.

"Kwenu wapi?"

Hilo nalo nilikuwa nimekuja kulitafuta.

"Fungua begi."

Kijana mmoja akalimwaga. Kanga zikatoka, wanawake wakanyoosha shingo. Sukari, sabuni, jembe. Nikaona fimbo mbili tatu zinashuka kidogo. Halafu nyundo ikaanguka juu ya jembe kwa mlio ambao bado nausikia, na moko ikafuata, ndefu, ncha inang'aa kwa sababu nilikuwa nimeinoa.

Kamanda akaiokota. Akaipima mkononi.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kupasulia mwamba."

Akageuka taratibu, akatazama kaskazini, akatazama kusini, ile tambarare yote, mtama na minyaa na anga.

"Mwamba uko wapi?"

Nilitaka kuwaambia kwamba mchimbaji haachi zana zake, kwamba zina waume wengine, maneno yale ambayo Geita yangewavunja mbavu. Sijawahi kuogopa vile hata siku ile ukuta wa shimo ulipoporomoka nikiwa kwenye kamba, na siku ile, wallahi, nilipanda kamba bila kutumia mikono.

Kamanda akaenda mlangoni, akabisha kwa kiganja, kwa adabu, kama anayemwita mama yake mzazi. "Mayu, ni sisi. Toka uwatazame. Ukisema ni wako, ni wako." Akatugeukia. "Akisema hawajui, basi."

Hakueleza basi nini. Fimbo zilishaeleza.

Kile kitu kizito kikaburuzwa tena. Kilikuwa kinu, nilikiona mlango ulipofunguka upana wa mkono. Akasimama kwenye ule upenyo. Alikuwa mdogo, mdogo kuliko nilivyojiandaa, kanga imefungwa kifuani, na macho yale kama walivyosema. Hakunitazama mimi. Alitazama moko mkononi mwa kamanda, akaitazama mpaka nikatamani ardhi initwae.

"Wanasema ni watu wa mwanao," kamanda akamwambia.

"Mwanangu," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, neno moja moja, na mengine aliyasema Kisukuma, watu wakatutafsiria. "Mwanangu aliwaambia nini juu yangu?"

Swali hilo lilinifurahisha, Mungu anisamehe. Nikaona mlango umefunguliwa. Nani asiyejua mama mzee anataka kusikia nini?

"Bibi!" nikasema. "Hapakupita siku hajakutaja! Asubuhi akiamka, kabla ya uji, wewe. Tukila ugali anasema, huu si ugali, ugali ni wa mama yangu. Usiku ananisimulia ulivyokuwa unambeba mgongoni, ulivyokuwa unaimba—"

Nilikuwa napata joto. Nilikuwa nimeshaanza kumtafutia wimbo. Ndipo nikaona macho ya bibi yanazimika. Akarudi hatua nyuma, mkono umeshika mlango, anauvuta. Na wale watu wakasogea.

"Nyamaza!" mama akanikemea. Akapiga magoti kuelekea mlangoni, vumbi mpaka usoni. "Mama, usimsikilize. Anadanganya. Mwanao hakukutaja hata mara moja. Alituambia umekufa."

Watu wakanguruma. "Mmesikia! Wamekuja kuzika!" Mtu akanigusa mgongoni kwa ncha ya fimbo, si kwa nguvu, kama anayechagua mahali. Nilimtazama mama yangu nikaona ametumaliza. Nikatafuta mkono wa mke wangu, naye alikuwa anasali kwa Kiha.

Mlango haukufungwa.

"Alisema nilikufa na nini?" bibi akauliza.

"Hakusema, mama. Nilimuuliza tulipooana, nikamuuliza tena alipokuwa anaumwa. Akasema, amekufa, usiniulize. Nikadhani mligombana."

Bibi akausukuma mlango mpaka ukafunguka wote. Akakaa kizingitini, si kwa kutaka, miguu iliacha tu.

"Mimi ndiye niliyemwambia," akasema.

Akayasema yafuatayo akimtazama mama peke yake, kana kwamba kijiji chote kilikuwa mifugo. Baba alipokuwa kijana, mtoto wa jirani alikufa. Watu wakaanza kuhesabu macho ya nani ni mekundu. Baba akawa analala mlangoni na shoka, anatukana kila apitaye, na bibi akaona kwamba watakuja, na kwamba watamuua mwanawe kwanza ili wampate yeye. Akamfukuza. Akamwambia aende wanakochimba, huko hawaulizi mtu ukoo, na akiulizwa habari ya mama aseme amekufa. Mwana wa mchawi hapewi mke, akamwambia, na mtu mwenye mama hurudi. Asirudi.

"Aliyetumwa kuja kuniua," akasema, "angekuja na maneno ya asali. Kama huyu." Akaninyooshea kidevu. "Huyu nilijua ndiye."

Mtu akacheka nyuma, mmoja tu, kicheko kifupi cha pua. Fimbo iliyokuwa mgongoni mwangu ikaondoka. Lakini bibi alikuwa bado hajasema lile neno, na kamanda bado alikuwa ameshika moko.

"Na yeye yuko wapi?" akauliza.

Hilo hatukuwa tumepanga nani atalisema. Njiani kote tulijadili kanga na jembe. Mama ndiye aliyelisema, kwa sauti ndogo.

"Tumemzika, mama. Kifua."

Bibi hakulia. Alipangusa magoti yake kwa viganja, kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele.

"Mimi ndiye nilidanganya," akasema, "na yeye ndiye akafa."

Kuku mmoja akapita katikati yetu, akapekua kwenye sukari iliyomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Hawa ni wangu," bibi akamwambia kamanda. "Mpe chuma chake."

Mke wangu ndiye aliyesimama kwanza. Alikwenda kizingitini, akapiga magoti, akamfungua mtoto kifuani, akamweka mapajani mwa bibi bila kuombwa. Kisha akaachia mikono yote miwili. Bibi akamgeuza mtoto kwenye mwanga, akamfungua jicho kwa dole gumba, kwanza la kulia, kisha la kushoto.

"Meupe," akasema. "Mkamwana, mpikie kwa kuni. Au mkaa. Mimi hospitali ya Kolandoto walinitazama, wakasema ni moshi tu. Lakini mwenye panga umwambie moshi?"

Hapo nikadhani yamekwisha. Nilianza hata kuokota sabuni. Kumbe kamanda alikuwa bado anangoja.

"Mayu," akasema, "mwano umeitikiwa. Walioacha kazi zao wana haki ya kujua waliitwa kwa nini. Uwapitishe."

Ndiyo desturi yao: mgeni aliyesababisha mwano anapelekwa boma kwa boma, anatajwa ni wa nani, ili uso wake ujulikane. Bibi akampa mke wangu mtoto, akaokota kanga moja mpya kati ya zile tulizomletea, akaingia ndani, akatoka ameifunga juu ya ya zamani. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama tawi kavu lakini ulinishika kama pingu.

Tukapita. Kila boma alisimama nje ya ua, akaita, akasema maneno yaleyale: "Huyu ni mwana wa mwanangu. Huyu ni mama yake. Huyu ni mke wake, na huyo ni mtoto wao." Watu wakatusalimia, "Mwadila," nasi tukaitikia tulivyoweza. Wanawake wa mashine ya kusaga walimpa mtoto wangu karanga, ambazo hana meno ya kuzitafuna. Yule wa fimbo ya mgongoni alinipa mkono, akaniuliza kama ni kweli Geita mtu akipiga mwayo anatema dhahabu. Nikamwambia ni kweli, tena tunakatazwa kupiga miayo barabarani. Kicheko kikarudi kidogo. Nikaona tutapona.

Tulipomaliza, jua limekaribia chini, kamanda akatuaga. Bibi hakugeuka kurudi kwake.

"Bado kule," akasema, na akaonyesha kwa kidevu boma moja lililojitenga, lenye minyaa mirefu.

"Kule hawakuitika, mayu," kamanda akamwambia.

"Ndiyo maana."

Kamanda akatazama chini, akazungusha filimbi yake kwenye uzi. Halafu akaamua kutusindikiza, lakini alitembea nyuma yetu, na nilisikia hatua zake zinapungua kadiri tulivyokaribia. Nikakumbuka yule mtoto wa jirani aliyekufa, nikajua tunakwenda kwa baba yake.

Alikuwa mzee wa umri wake, amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, anasokota kamba. Alitusikia tangu mbali, hakuinua kichwa mpaka bibi alipoita. Bibi akayasema maneno yake yaleyale, kwa mpangilio uleule, sauti yake nyembamba lakini haikukatika. Mzee akanitazama mimi, akamtazama mama, akamtazama mke wangu na kile alichobeba. Aliendelea kusokota.

"Mwanao alikuwa na watoto, kumbe," akasema.

"Alikuwa nao."

"Wamekuja kukuona tu, wanapita?"

"Wanakaa," bibi akasema.

Mama akakohoa nyuma yangu. Sisi tulikuwa na nauli ya kurudi kesho kutwa, na zamu yangu ilikuwa inaningoja, na shimoni ukikosa zamu moja nafasi yako ina mtu. Hakuna aliyewahi kusema tunakaa. Bibi hakunigeukia kuniuliza. Vidole vyake tu ndivyo vilivyoingia kwenye nyama ya mkono wangu.

"Mpaka lini?" mzee akauliza, na safari hii aliniuliza mimi. Kamba ikasimama mikononi mwake.

Nikaufunika mkono wa bibi kwa mkono wangu.

"Tunakaa," nikasema.

Halafu akarudisha macho kwenye kamba. "Karibuni, basi," akasema, bila kunyanyuka.

Tukageuka. Kamanda alikuwa amesimama njiani, mbali kidogo, akatupisha. Bibi alitembea haraka kuliko alivyokuja, hakuniachia mkono, na hakutazama nyuma hata mara moja. Mama akanisogelea ubavuni.

"Tunakaa mpaka lini, mwanangu?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Tembea."